Uchakavu wa fimbo na mipira kwenye gemu za gofu mtandaoni: unavyohesabiwa kweli, tuache tetesi

MtuWaKibirizi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye kundi letu la Kigoma tunaocheza gofu kwenye simu kuna ugomvi hauishi. Wawili wamenunua fimbo ileile, siku ileile, wamecheza karibu sawa, lakini ya mmoja imebaki asilimia 60 na ya mwenzake imeshuka hadi 40. Hapo maneno yanaanza. Seva inawaonea wasioweka hela. Ukicheza usiku wa manane fimbo haichakai. Ukizima data baada ya mpigo mbaya unaokoa uimara. Vijana wa Mwanga na Gungu wanaweka hela ya kula kwenye hizi sarafu halafu wanaamua kwa tetesi, wakati jambo lenyewe linahesabika kwa kalamu na karatasi. Inaniuma, ndiyo maana nimeleta uzi.

Ninachokisimamia nakisema mapema: fimbo usiichague kwa bei yake wala kwa umbali inaofikisha mpira. Ichague kwa gharama ya mpigo mmoja. Mengine yote hapa chini yanaelekea huko.

Tuanze na kwa nini uchakavu upo. Ukishinda shimo au mashindano, sarafu unazopewa hazitoki mfukoni kwa mtu. Mfumo unaziumba palepale. Wachezaji wakiwa wengi, kila mmoja akiingiza sarafu kila siku na hakuna pa kuzitolea, baada ya muda kila mtu ana fimbo bora na hakuna cha kutafuta tena. Kwa hiyo waundaji wanaacha tundu la kutolea sarafu, na uchakavu ni mojawapo ya matundu hayo. Haikuanzia kwenye gofu. Kwenye World of Warcraft, iliyotoka 2004, mhusika wako akiuawa, vifaa alivyovaa vinapoteza asilimia 10 ya uimara na unalipa dhahabu kuvitengeneza. Aliyecheza Minecraft anajua: sululu ya mbao inatumika mara 59, ya jiwe 131, ya chuma 250, ya almasi 1,561. Ya dhahabu? Mara 32 tu. Na hiyo ya dhahabu inachimba haraka kuipita hata ya almasi, lakini inakufa kabla ya ile ya mbao. Mwenye kuelewa sululu hiyo ameshaelewa nusu ya uzi huu, maana kasi, bei na maisha ya kifaa ni vitu vitatu tofauti na muundaji anavipanga atakavyo.

Sasa gofu. Msidhani gemu isiyo na mstari wa uimara kwenye fimbo haina uchakavu. Golf Clash, ya kampuni ya Playdemic ya Uingereza, iliyotoka 2017, fimbo zake hazichakai kabisa. Unazipandisha daraja kwa kadi na zinabaki zako. Kinachoisha ni mipira maalumu. Mpira wa kawaida haukuishii, ila ule unaopunguza nguvu ya upepo au kuongeza umbali unatumika na kupungua kwenye akiba yako. Tundu limehamishwa kutoka kwenye fimbo kwenda kwenye mpira, basi. Kwa hiyo ukiingia gemu mpya, swali la kwanza liwe: humu kinachoisha ni nini?

Swali la pili ni kinaisha kwa kipimo gani, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Zipo gemu zinazohesabu mpigo: kila ukipiga, uimara unapungua, uwe umepiga kwa nguvu zote au umeusukuma mpira hatua mbili. Zipo zinazopima nguvu, yaani mpigo wa asilimia 100 unakula zaidi ya wa asilimia 40, na ukipigia kwenye mchanga au nyasi ndefu unakula zaidi tena. Nyingine hazijali mpigo, zinajali kupotea: mpira ukizama majini au ukitoka nje ya mipaka, umekwenda. Na zipo zinazohesabu siku, umekodisha fimbo siku saba, ukicheza usicheze inaisha. Hizo za siku ni mbaya sana kwa mtu wa bando la kubahatisha. Siku ambazo huna data unalipia fimbo iliyolala.

Namna ya kujua gemu yako iko kundi gani ni kuweka daftari. Ingia uwanja wa mazoezi kama nao unahesabu uchakavu (mingine haihesabu, jaribu kwanza), chukua fimbo mpya, piga mipigo dhaifu mfululizo ukiandika uimara. Kisha piga idadi ileile kwa nguvu zote. Ukiona upungufu unalingana, ni hesabu ya mpigo. Ukiona wa pili mkubwa waziwazi, nguvu inapimwa. Kisha rudia mchangani.

Tahadhari moja kwenye majaribio: ule mstari unaouona kwenye skrini umekadiriwa. Tuseme fimbo ina uimara wa mipigo 300. Mpigo mmoja ni theluthi ya asilimia. Skrini haiandiki theluthi, inaandika asilimia nzima, kwa hiyo utapiga mara mbili uone 100 bado, wa tatu ndiyo iandike 99. Mtu anasema "nimepiga mbili haikushuka, wa tatu ulikuwa mbovu ndiyo ikashuka." Hapana. Ilikuwa inashuka tangu wa kwanza. Jaribio la mipigo michache halikuambii kitu.

Na sasa ule ugomvi wa 60 na 40. Zipo gemu zisizokata uimara kila mpigo, zinarusha kete. Tuseme fimbo ina pointi 50, na kila mpigo una nafasi moja kati ya nne ya kukata pointi moja. Kwa wastani pointi moja inachukua mipigo minne, fimbo nzima mipigo 200. Huo ni wastani. Baada ya mipigo 100 wastani ni kupoteza pointi 25, lakini kete hazina adabu: wachezaji wengi watakuwa wamepoteza kati ya 17 na 33. Kwa asilimia, mmoja anaweza kuwa amebakiwa na 66 na mwingine 34, na hakuna aliyeonewa. Hadi fimbo inakufa, wengi wataangukia kati ya mipigo 150 na 250. Kwa hiyo wale wawili wa 60 na 40 wako ndani kabisa ya kawaida. Tofauti hiyo peke yake haionyeshi kwamba seva inamwonea asiye na hela. Kete tu zinatosha kuileta.

Karibuni tujadili. Maswali ya matengenezo nimeyaacha makusudi, najua yatakuja.

DadaWaIsevya

Asante kaka kwa somo, mimi niko Tabora na nimesoma neno kwa neno. Swali langu: fimbo yangu ya kusukumia mpira shimoni ndiyo inaisha kabla ya zote, na ndiyo ninayoitumia kwa upole kuliko zote. Draiva, ile fimbo ya mpigo mrefu wa kwanza, naipiga kwa nguvu zote na bado iko juu. Hiyo imekaaje?

MtuWaKibirizi

Dada, gemu yako inahesabu mpigo na haipimi nguvu. Angalia hesabu ya uwanja wenyewe. Par ni idadi ya mipigo anayotarajiwa kutumia mchezaji mzuri. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 wenye par 72 kwa mpangilio uliozoeleka una mashimo manne ya par 3, kumi ya par 4 na manne ya par 5. Draiva unaitoa kwenye par 4 na par 5, kwa hiyo ni mara 14 kwa raundi, tena ukiitoa kila mahali inapofaa. Par yenyewe imepangwa kwa kukadiria misukumo miwili kila shimo ukishafika kwenye grini, yaani yale majani mafupi yanayozunguka shimo. Mara mbili kwa mashimo 18 ni 36. Yaani fimbo ya kusukumia inafanya kazi zaidi ya mara mbili na nusu ya draiva, na nusu nzima ya mipigo yako yote iko kwake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni kinyume cha wanavyofanya watu. Watu wanaweka sarafu zote kwenye draiva kwa sababu inapendeza kuona mpira unaruka mbali. Kwenye gemu yako, uimara unaohitaji kuununua ni wa fimbo ya kusukumia. Draiva nunua ya kati, itakaa.

DadaWaIsevya

Nimeelewa. Sikuwahi kugawanya raundi hivyo. Nitaangalia pia fimbo za katikati.

fundi_gungu

Mkuu, suala la mtandao hujaligusa vizuri. Huku kwetu mawingu yakitanda ziwani mtandao unayumba. Nimepiga, skrini imeganda, nikarudi nikakuta mpira uko pale pale ulipokuwa lakini uimara umeshuka. Huo si wizi?

MtuWaKibirizi

Inaudhi, na haki ya kulalamika unayo, ila tuone kinachotokea. Kwenye gemu iliyoundwa vizuri, simu yako haiamui chochote. Wewe ukivuta na kuachia, simu inatuma ujumbe mdogo: fimbo gani, nguvu kiasi gani, umelenga wapi. Seva ndiyo inayopiga hesabu ya upepo na mdundo, inaandika matokeo kwenye kumbukumbu zake, uchakavu ukiwemo, halafu ndipo inakurudishia picha ya mpira ukiruka. Mtandao ukikata wakati ujumbe wako umeshafika lakini jibu halijarudi, kwa seva wewe umepiga. Ukirudi unatakiwa ukute mpira mahali ulipotua. Kama umekuta mpira pale pale na uimara umekatwa, basi mambo mawili hayakuandikwa kwa pamoja, na hiyo ni kasoro ya programu. Piga picha ya skrini kabla na baada, andika saa, watumie huduma kwa wateja. Malalamiko yenye saa yanafuatilika, ya "mnatuibia" hayafuatiliki.

Upande wa pili wa jambo hilohilo: ndiyo sababu kuzima data baada ya mpigo mbaya hakuokoi kitu. Ukiona mpira unaelekea majini kwenye skrini, seva imeshaandika zamani.

mpole_kasulu

Na zile aplikesheni zilizochezewa, za uimara usioisha? Kuna jamaa anazirusha kwa bluutuu, anasema zinafanya kazi.

MtuWaKibirizi

Ndugu yangu, kaa nazo mbali, nasema kwa uzito wote. Kwa maelezo niliyompa fundi hapo juu, uimara umeandikwa kwenye seva. Aplikesheni iliyochezewa inabadilisha namba inayoonyeshwa kwenye skrini yako tu. Utaona 100 kila siku, na kwenye seva fimbo imekufa. Halafu umeweka kwenye simu programu usiyojua imeandikwa na nani, simu hiyohiyo yenye hela yako ya mtandaoni na meseji za namba za siri. Kwa fimbo ya kwenye picha!

fundi_gungu

Sawa mkuu. Sasa matengenezo. Mimi natengeneza kila baada ya raundi, fimbo isishuke chini ya 90. Mwenzangu anasubiri mpaka iwe nyekundu kabisa. Nani yuko sahihi?

MtuWaKibirizi

Hapa ndipo utamu ulipo, ngoja nikae vizuri.

Inategemea gemu inavyotoza na inavyoadhibu. Kama bei ya kutengeneza inafuata pointi zilizopungua, na ukishatengeneza fimbo inarudi 100 kamili, hakuna tofauti ya gharama. Tengeneza unapotaka. Lakini baadhi ya gemu zina mtego: kila ukitengeneza, dari linashuka. Fimbo iliyokuwa inajaa 100 sasa inajaa 90, kisha 81. Hilo ni la zamani sana, tangu gemu ya Diablo ya 1996, ambapo mhusika shujaa wa upanga aliweza kujitengenezea silaha mwenyewe bure ila kila akifanya hivyo uimara wa juu wa silaha unapungua, wakati akimpelekea mhunzi wa kijijini analipa na dari halishuki. Chaguo mbili, bei mbili.

Dari likishuka kwa kila tendo la kutengeneza, bila kujali umetengeneza kidogo au kingi, wewe unayetengeneza kila raundi unajichoma. Unashusha dari kwa kurudisha pointi kumi, mwenzako anashusha dari lilelile kwa kurudisha tisini. Nenda Kibirizi uone wenye nyavu za dagaa. Uvuvi wa taa unataka giza, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi mitumbwi mingi inapumzika, na nyavu zinatandazwa mchangani zishonwe kwa pamoja. Matundu madogo ya wiki nzima yanasubiri siku hizo. Hakuna anayerudi ufukweni usiku wa giza, dagaa wapo, kushona tundu moja. Fanya hivyo na fimbo yako.

Ila kuna kizuizi: angalia kama fimbo inapoteza ubora kadiri inavyochakaa. Kwenye baadhi ya gemu fimbo ya asilimia 5 inapiga sawa na ya 100 mpaka inapokufa. Kwenye nyingine umbali na usahihi vinashuka polepole. Na nyingine zina ngazi, juu ya 50 hakuna kinachobadilika, chini yake unapoteza ghafla. Kwenye hizo za ngazi, kutengeneza kwa akili ni kusubiri ufike karibu na ngazi, na si kabla.

Sasa gharama ya mpigo. Chukua mfano, namba ni za kwangu za kufundishia. Fimbo A inauzwa sarafu 3,000, inapiga mipigo 300, haitengenezeki. Ni sarafu 10 kwa mpigo. Fimbo B ni 8,000, mipigo 500, kwa hiyo ni 16 kwa mpigo, na mtu anaikimbia hapohapo. Lakini B inatengenezeka kwa sarafu 2,000, dari likishuka asilimia 10 kila mara. Ukitengeneza mara ya kwanza unapata mipigo 450 kwa 2,000: jumla umelipa 10,000 kwa mipigo 950, takribani 10 na nusu. Mara ya pili unapata 405: umelipa 12,000 kwa 1,355, chini ya 9. Mara ya tatu unapata kama 365: 14,000 kwa 1,720, kidogo juu ya 8. Fimbo "ghali" imeshakuwa rahisi kuliko ile ya 3,000.

Mpaka lini? Hapa watu wanakosea wakiangalia jumla. Angalia tengenezo linalofuata peke yake: nitalipa 2,000 nipate mipigo mingapi? Ikifika chini ya 200, kila mpigo unakugharimu zaidi ya sarafu 10, na hiyo ndiyo bei ya fimbo A mpya. Kwa dari linaloshuka kwa asilimia 10, tengenezo la nane bado linakupa kama mipigo 215. La tisa linakupa kama 194. Kwa hiyo tengeneza mara nane, ya tisa iache ife. Hela uliyotumia huko nyuma isikushawishi, imeshakwenda.

mpole_kasulu

Hii hesabu ya tengenezo linalofuata peke yake nimeielewa mara ya kwanza leo. Wengi tunasema "nimeshaweka nyingi humu, siiachi."

KediMstaafu

Wanangu, nimewasoma. Mimi niko Ujiji sasa, lakini miaka yangu ya nguvu nilibeba mifuko ya wachezaji kwenye viwanja vya gofu Dar es Salaam. Niwaongezee upande wa gofu yenyewe, kwa sababu nadhani gemu zinawafundisha kitu kisicho kamili.

MtuWaKibirizi

Shikamoo mzee wetu. Tunakusikiliza.

KediMstaafu

Marahaba mwanangu.

Kwanza, fimbo za kweli hazichakai sawa. Inayochakaa ni ile ya kutolea mpira mchangani na ya mipigo mifupi. Uso wake una mifereji myembamba inayoushika mpira uzunguke, na kila unapopiga mchangani chembe zinasaga kingo za mifereji hiyo. Fimbo haivunjiki wala haipunguzi umbali. Inachopoteza ni kuzungusha mpira, kwa hiyo mpira ukitua unakimbia badala ya kusimama. Nimewaona wachezaji wazuri wakilaumu mikono yao wakati mifereji imelala. Gemu inayosema fimbo chakavu inapiga karibu zaidi imekosea mahali pa kupunguza.

Draiva nayo ni ajabu. Uso wake ni bamba jembamba la titani. Likipigwa sana linalegea, na kabla ya kupasuka linaweza kurusha mpira kwa kasi zaidi kuliko lilipokuwa jipya. Ndiyo maana kwenye mashindano makubwa draiva za wachezaji zinapimwa hata kama ziliruhusiwa zikiwa mpya. Yaani kuna uchakavu unaoongeza.

Na mpira ndiyo una historia nzuri kuliko vyote. Zamani mpira wa gofu ulikuwa wa ngozi iliyoshindiliwa manyoya, ukilowa unaharibika. Mwaka 1848 hivi ukaja mpira wa utomvu wa mti wa gutta-percha, laini juu kama yai. Wachezaji wakagundua jambo: mpya unaruka vibaya, lakini ukishapigwapigwa ukapata makovu unaruka vizuri na mbali. Wakaanza kuutia makovu kwa nyundo kabla ya kuutumia. Vile vishimo mnavyoviona juu ya mpira wa leo vimetoka huko. Mwingereza William Taylor alisajili hataza ya vishimo hivyo mwaka 1905.

Kanuni nazo zina lao. Katikati ya shimo huruhusiwi kubadilisha mpira kwa kuwa tu umekwaruzika. Lazima uwe umekatika au umepasuka. Ukianza shimo jipya, uko huru kuweka mwingine. Fimbo ni 14 mwisho, na tangu kanuni za 2019 fimbo ikiharibika katikati ya raundi unaweza kuendelea nayo hivyohivyo au ukaitengeneza bila kuchelewesha mchezo.

DadaWaIsevya

Mzee, asante sana. Hiyo ya makovu nitawasimulia nyumbani.

MtuWaKibirizi

Mzee umenifungua macho kwenye mifereji. Nimejaribu kukumbuka gemu inayopunguza mzunguko wa mpira badala ya umbali, na naona ingekuwa bora zaidi: mchezaji angelazimika kujifunza kucheza na fimbo yake chakavu, atue mbali kidogo na bendera auache mpira ukimbie. Kupunguza umbali hakufundishi kitu, kunakupeleka dukani tu.

Tall_boy_Mwanga

Mimi napinga uzi mzima. Mnapiga hesabu nzuri juu ya wizi. Nimenunua fimbo kwa hela halisi, iwe yangu. Ukinunua fimbo ya kweli dukani hakuna anayekuja kuifuta baada ya mipigo 300. Tuzisuse hizi gemu.

MtuWaKibirizi

Kaka, hoja yako ni nzito na siidharau. Nakubali nusu. Kama sarafu zinapatikana kwa kucheza tu, uchakavu ni sehemu ya mchezo kama ilivyo upepo. Lakini pale sarafu zinaponunuliwa kwa hela halisi, mwenye gemu ana sababu ya kukaza kete, na wewe huoni kete. Mstari wangu mimi ni huu: gemu inayoandika wazi kabla ya kununua kwamba fimbo hii ni mipigo kadhaa, matengenezo bei hii, dari linashuka kiasi hiki, hiyo inaniuzia kitu ninachokijua. Naweza kukataa au kukubali. Gemu inayoandika "imara sana" na mstari wa kijani bila namba, hela halisi siweki. Nacheza na vya bure, basi. Na gemu inayobadilisha kiwango cha uchakavu kwenye sasisho bila kutangaza, wakati watu wameshalipia, hiyo hata mimi naungana na wewe tuisuse.

Tall_boy_Mwanga

Hapo kwenye sasisho tumekubaliana. Ile gemu yetu haiandiki namba popote, nimeangalia tena sasa hivi.

MtuWaKibirizi

Ndiyo maana nahimiza daftari. Tukiwa wengi, kila mmoja akaandika fimbo gani, mipigo mingapi, uimara kabla na baada, kete zinafichuka. Daftari la mtu mmoja linayumba kama nilivyoonyesha, la watu ishirini linatulia. Na sasisho likipita kimya tutaliona ndani ya wiki, tukiwa na namba mkononi. Nitafungua jedwali kwenye kundi, wa Tabora na Kasulu pia mnakaribishwa. Andikeni na toleo la gemu, bila hilo tutachanganya namba za zamani na mpya.

mpole_kasulu

Nipo. La mwisho mkuu: mipira. Yangu maalumu inaisha majini yote. Kuna shimo moja lina bwawa, kila nikifika nazamisha.

MtuWaKibirizi

Piga hesabu ya hatari. Tuseme mpira wako ni sarafu 60 na unadumu mipigo 30, yaani sarafu 2 kwa mpigo. Uko nusu ya maisha, thamani iliyobaki ni 30. Kama kwenye lile bwawa unazamisha mara moja kati ya tano, mpigo huo mmoja unakugharimu kwa wastani sarafu 6 za hatari juu ya zile 2 za uchakavu. Mara nne ya mpigo wa kawaida. Mpira maalumu ungekuwa unakupunguzia kuzama, tungejadili. Kama unakuongezea umbali tu na bwawa unalivuka hata kwa mpira wa kawaida, hauna kazi pale.

Kwa hiyo ukimaliza shimo la kabla yake, fungua begi, weka mpira wa bure, vuka nao, kisha rudisha wako shimo linalofuata. Fanya hivyo kabla ya mpigo wa kwanza, kwa sababu zipo gemu zilizofuata kanuni aliyoitaja mzee: ukishaanza shimo, mpira ni huohuo mpaka uingie.

KediMstaafu

Hata wachezaji wa kweli hufanya hivyo mwanangu. Wakifika penye maji, mkono unaingia kwenye mfuko wa pembeni kutafuta mpira wa zamani.

mpole_kasulu

Nashukuruni wazee na vijana. Naingia sasa hivi kujaribu, jedwali mkilifungua niunganisheni.